Kibodi Ndiyo Iliyochelewa

Mradi wa kuunda upya mashine ya gemu ya zamani huanza na imani moja: kazi ngumu ilishafanywa na waliotangulia. Michezo ipo. Umbo linajulikana. Wanunuzi nao wapo, wameshakuwa watu wazima wenye mishahara, na kile walichonyimwa utotoni wanakitaka kwa hamu ya miaka thelathini. Chipu ya siku hizi ya dola chache ina nguvu kuliko mashine nzima ya mwaka 1982. Kwa hiyo mpango huwa mfupi: tukusanye fedha, tutafute kiwanda, tufunge maboksi, tusafirishe. Anayesoma taarifa za miradi, iwe ya visima au ya masoko ya halmashauri, anaujua mtindo huo wa kuandika. Ndio unaozaa ile kauli ya "mradi umekamilika kwa asilimia 90" inayorudiwa mwaka hadi mwaka.

Kompyuta moja ya Kiingereza inatosha kuonyesha jinsi imani hiyo inavyokutana na ardhi, kwa sababu imeundwa upya na makundi matatu tofauti ndani ya miaka kumi. Inaitwa ZX Spectrum. Ilitoka Aprili 1982 katika kampuni ya Clive Sinclair mjini Cambridge, kwa pauni 125 yenye kumbukumbu ndogo ya 16K na pauni 175 yenye 48K. Wazazi walinunua kompyuta ya masomo; watoto wakaigeuza mashine ya gemu kabla ya wiki kuisha. Kibodi yake ilikuwa pande moja la mpira lenye vitufe 40, na kila kitufe kilibeba maneno na alama kadhaa, juu, chini na katikati, kama mtu aliyelazimishwa kuvaa nguo zote alizonazo. Michezo ilipakiwa kutoka kaseti za kawaida za redio, dakika kadhaa za milio ya kukwaruza. Ziliuzwa zaidi ya milioni 5.

Mwaka 1986 Sinclair aliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad kwa pauni milioni 5. Amstrad nayo ikanunuliwa na Sky mwaka 2007. Hivyo haki ya kutumia jina la kompyuta hiyo ya watoto ikaangukia mikononi mwa wauza ving'amuzi, na yeyote anayetaka kuiunda upya na kuiita kwa jina lake hana budi kubisha hodi huko.

Kundi la kwanza lilikuwa na kila sifa ya kuaminika. Kampuni ya Retro Computers ilikuwa na Sinclair mwenyewe miongoni mwa wanahisa wake. Mwishoni mwa 2014 iliitisha harambee ya mtandaoni kwenye Indiegogo kwa ajili ya Vega, kijimashine cha kuchomeka kwenye runinga, chenye michezo 1,000 na vitufe vichache tu, na mwaka uliofuata kikawafikia waliochangia. Februari 2016 ikaja na wazo la pili: Vega+, ya kushika mkononi na yenye kioo chake. Fedha zilimiminika, zaidi ya pauni 500,000, na ahadi ilikuwa kuisafirisha mwaka huo huo.

Haikupita muda wakurugenzi wawili wakaondoka. Mmoja wao ndiye fundi aliyeibeba Vega ya kwanza. Kwenye karatasi za mpango pengo la namna hiyo halionekani, kwa sababu karatasi huandika "programu" kana kwamba programu ni bidhaa iliyoko stoo. Kumbe nusu yake hukaa kichwani mwa mtu, katika kujua kwa nini mstari fulani uliandikwa vile na si hivi. Yaliyofuata yalihamia kwa mawakili: waliobaki na walioondoka wakashitakiana, baadhi ya wenye hakimiliki za michezo wakaiondoa michezo yao, tarehe zikasogea. Mwaka 2018 Indiegogo ilitangaza kwamba itawakabidhi wakusanya madeni suala la fedha za wachangiaji. Baada ya hapo mashine chache zikaanza kutumwa kwa haraka haraka. Waliozipokea walikuta vitufe visivyobonyezeka sawasawa na michezo michache sana badala ya ile 1,000. Sky ikaondoa leseni ya jina. Februari 2019 mahakama ikaamuru kampuni ifungwe.

Ni rahisi kulisimulia hilo kama kisa cha watu wabaya, na wachangiaji wengi hulisimulia hivyo. Mimi naona jambo la kawaida zaidi. Vega ya kwanza ilikuwa boksi la plastiki bila kioo, bila betri, bila spika. Kutoka hapo hadi kifaa cha mkononi ni hatua moja kwenye kichwa cha habari, lakini kiwandani ni kazi nyingine kabisa: betri ina kanuni zake za usalama na usafirishaji, kioo kina msambazaji wake, vitufe vinabonyezwa kwa vidole gumba vya watu wazima. Mafanikio ya mradi mdogo yalitumika kama dhamana ya mradi ambao haukufanana nao.

Kundi la pili lilitokea Brazil, na hilo lenyewe linahitaji maelezo. Miaka ya themanini Brazil ilizuia kompyuta za nje ili kulea viwanda vyake, na kampuni za huko zikatengeneza nakala. Mojawapo, TK90X ya mwaka 1985, ilikuwa Spectrum isiyoitwa Spectrum. Watoto waliokulia kwenye nakala hiyo ndio waliokuja kuwa mafundi, na wawili kati yao, Victor Trucco na Fabio Belavenuto, wakatengeneza bodi inayofanya kazi ya Spectrum kwa kutumia chipu ya FPGA. Mbrazil mwenzao aliyekuwa na studio ya gemu London, Henrique Olifiers, akaungana nao. Kisha wakamwendea Rick Dickinson, mbunifu wa umbo la Spectrum ya 1982, wakamwomba abuni ile ambayo ingekuja baadaye lau historia ingeendelea. Wakaiita ZX Spectrum Next.

FPGA ni chipu isiyo na kazi yake mwenyewe. Ikitoka kiwandani ni uwanja wa vijisehemu vya umeme visivyounganishwa. Fundi huandika maelezo ya jinsi vinavyopaswa kuungana, na chipu hujipanga kuwa saketi hiyo. Njia nyingine, ya bei nafuu, ni emuleta: programu inayoendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida na kuigiza tabia za mashine ya zamani hatua kwa hatua. Wapenzi wa gemu hubishana juu ya njia hizi mbili kwa ukali wa mashabiki wa Simba na Yanga. Kwa mradi, tofauti inayonihusu ni kwamba zote mbili zinarekebishika baada ya mashine kufika nyumbani kwa mteja. Kosa likigunduliwa katika saketi ya FPGA, faili jipya linawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na saketi inabadilika.

Plastiki haibadiliki. Harambee ya Next ilianza Aprili 2017 kwenye Kickstarter ikitaka pauni 250,000. Ikapata pauni 723,390 kutoka kwa watu 3,113. Ahadi ilikuwa Januari 2018. Walioagiza bodi tupu, bila boksi, walizipata mapema na kuanza kuziandikia michezo. Waliotaka mashine kamili waliipata Februari 2020. Miaka miwili hiyo iliishia zaidi kwenye kibodi.

Mtu asiyewahi kuingia kiwanda cha plastiki anaweza kushangaa. Kibodi! Dunia imejaa kibodi, zinauzwa kwa kilo. Ila zilizojaa duniani si hii. Kibodi ya Next ilikuwa na umbo lake, na umbo jipya linahitaji kalibu za chuma zilizochongwa kwa ajili yake peke yake. Plastiki ya moto husukumwa ndani ya kalibu kwa nguvu. Ikipoa husinyaa kidogo, na kusinyaa huko hakulingani kila upande. Kitufe kirefu kama cha nafasi hupinda. Kitufe kikipinda kinagusa jirani yake au kinagoma kurudi juu. Hapo fundi hurudi kwenye chuma, anaparura sehemu ndogo kuliko unene wa ukucha, anasukuma plastiki upya, anapima. Kila mzunguko ni wiki kadhaa, na kalibu iliyoparurwa kupita kiasi hairudishiki. Bado hujagusa maandishi ya juu ya vitufe, ambayo kwenye Spectrum ni mengi kuliko kwenye kompyuta yoyote ya rika lake, wala tabaka za chini zinazopokea mguso wa kidole. Katikati ya kazi hiyo, Aprili 2018, Dickinson akafariki dunia. Hakuiona mashine yake ikitoka.

Kwa hesabu ya mafundi wa umeme, Next ilikuwa imekamilika siku ilipoanza kuomba fedha. Kwa hesabu ya mnunuzi aliyesubiri boksi mlangoni ilikuwa bado haijaanza. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Kilichoizuia isife kama Vega+ sidhani kuwa ni ubora wa nia. Bodi zilikuwa mikononi mwa watu, na aliye na bodi anajua kwa macho yake kwamba kitu kipo. Wenye mradi pia waliendelea kuandika, wakieleza kipi kimekwama kiwandani na kwa nini, hata pale habari ilipokuwa ile ile ya mwezi uliopita. Mteja husamehe kuchelewa kwa kitufe akionyeshwa kitufe chenyewe kilivyopinda.

Na kuna jambo ambalo mapenzi ya zamani huliweka pembeni. Spectrum ya kwanza nayo ilichelewa. Mwaka 1982 Sinclair aliuza kwa posta, akaahidi kufikisha mzigo ndani ya siku 28, na wateja wakangoja miezi. Bodi za kwanza zilitoka na kosa kwenye chipu kuu, likatibiwa kwa kuambatisha chipu nyingine ndogo iliyolazwa chali, miguu juu. Mafundi waliibatiza mende aliyekufa. Wakati ule umeme ndio uliosumbua. Miaka thelathini na tano baadaye umeme ukawa laini kama udongo na plastiki ikawa jiwe.

Yapo pia yaliyofanyika kinyume chake, na hayo yanachekesha kwa uchungu. Mwaka 2015 huko Marekani ilitangazwa konsoli ya kaseti iliyoitwa Retro VGS. Waanzilishi wake walikuwa na kitu ambacho wengine hukihangaikia mwisho: kalibu. Walizipata zile za konsoli ya Atari Jaguar ya miaka ya tisini, ambazo baada ya Jaguar kufa zilikuwa zimeuzwa kwa watengenezaji wa vifaa vya madaktari wa meno. Boksi walikuwa nalo. Mashine ya kuweka ndani ya boksi hawakuwa nayo. Harambee yao ilitaka dola milioni 1.95 na ikapata sehemu ndogo tu ya hizo. Wakabadili jina, wakaazima jina la Coleco, kampuni ya zamani ya konsoli, ikawa Coleco Chameleon, na Februari 2016 wakaionyesha kwenye maonyesho ya vinyago New York. Walioichunguza nyuma waliona soketi za Super Nintendo ya toleo dogo. Baadaye ikatoka picha ya sampuli katika boksi linalopenyeza mwanga, na wadadisi wakaitambua bodi iliyokuwa ndani: kadi ya zamani ya kompyuta ya kunasia picha za kamera. Wenye jina la Coleco wakaomba kukagua sampuli. Machi wakajitoa, na mradi ukaishia hapo.

Wakubwa, wenye viwanda na fedha zao wenyewe, hawahitaji harambee, lakini ardhi haiwaogopi. Novemba 2016 Nintendo ilitoa toleo dogo la konsoli yake ya miaka ya themanini, michezo 30 ndani, dola 60. Ilikwisha madukani mara moja. Mpangaji fulani alikuwa ameamua kwamba waya wa padi usifike hata mita moja, wakati ule wa awali ulizidi mita mbili, na kwamba ukitaka kubadili mchezo lazima unyanyuke ukabonyeze kitufe kwenye mashine yenyewe. Waya mfupi maana yake mashine ikae karibu nawe. Mashine ikikaa karibu, waya wa kwenda kwenye runinga unavutwa katikati ya sebule. Wiki chache baadaye soko lilijaa nyaya za kurefushia za makampuni mengine. Aprili 2017, baada ya kuuza milioni 2.3, Nintendo ikasimamisha uzalishaji watu wakiwa bado wanaitafuta, kisha ikairudisha Juni 2018. Mdogo wake, Super Nintendo ndogo ya Septemba 2017, alikuja na waya mrefu kidogo. Kidogo.

Kwetu Afrika Mashariki mashine ile ya Nintendo haina kumbukumbu ileile. Wengi waliocheza michezo yake Dar es Salaam au Mombasa waliicheza kwenye nakala, zile mashine nyepesi za bandia zenye kaseti za njano zilizodai kuwa na michezo 9999, ambayo ukiihesabu ni ile ile michache ikijirudia kwa majina mapya. Urusi walikuwa na yao, Dendy, kuanzia 1992, iliyotoka viwanda vya Taiwan. Watengenezaji wa nakala hizo ndio waundaji upya wa kwanza, na miradi yao ilifanikiwa kupita yote niliyotaja. Hawakumwahidi mtu chochote. Mtoto wa Temeke hakuwa na ya awali ya kulinganisha nayo. Padi ikifa, unaazima ya jirani. Ugumu wa leo unaanzia hapo hasa: anayeunda upya anampimia mteja ambaye tayari ana kipimo kichwani, na kipimo hicho kimekuwa kikikua tangu utotoni.

Sony waliligundua hilo kwa gharama. PlayStation Classic ilitoka tarehe 3 Desemba 2018, miaka 24 kamili baada ya PlayStation ya kwanza kutoka Japani, kwa dola 100 na michezo 20. Kuigiza PlayStation si kazi ya kutisha tena. Sony hawakuandika hata emuleta yao, walitumia PCSX ReARMed, iliyoandikwa na watu wa kujitolea na kuachwa wazi kwa yeyote. Tatizo lilikuwa kwenye uchaguzi wa matoleo. Michezo tisa kati ya ile ishirini ilikuwa ya mfumo wa PAL, unaochora picha mara 50 kwa sekunde, wakati wa Marekani na Japani huchora mara 60. Mchezo wa PAL ambao haukurekebishwa vizuri huenda polepole. Mmarekani aliyekuwa bingwa wa Tekken utotoni alijikuta akipigana majini. Nasi, ambao runinga zetu za Kenya na Tanzania zilikuwa za PAL, huenda tungeliona ndilo la kawaida, ingawa diski nyingi za vibandani hazikuwa na uraia unaoeleweka. Kabla mwezi haujaisha bei iliteremka hadi dola 60, na ikaendelea kuteremka. Uamuzi wa kuchagua faili gani la mchezo, ambao haugharimu shilingi, ulilizamisha boksi ambalo kiwanda kilikuwa kimelitengeneza vizuri.

Sega walikuwa na bahati ya kusita. Mwaka 2018 toleo dogo la konsoli yao ya Mega Drive lilikuwa likitengenezwa na kampuni ambayo wapenzi walishachoshwa na bidhaa zake. Sega wakaliahirisha, kazi wakawapa M2, studio ya Japani iliyobobea katika kurudisha michezo ya zamani, na Septemba 2019 likatoka na michezo 42. Lilisifiwa karibu kila mahali. Sina mengi ya kuongeza. Mwaka mmoja wa kuchelewa kwa makusudi ulinunua sifa ambayo Sony, kwa kuwahi tarehe ya kumbukumbu, waliikosa.

Vifaa vya pembeni ni mtihani wa aina yake. Chukua bunduki ya Nintendo, Zapper, ya kupigia bata katika Duck Hunt. Ukivuta kifyatulio, skrini huwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Bunduki haitoi kitu, inatazama. Ndani ya mtutu mna jicho la umeme linalouliza: mbele yangu sasa hivi pana mwanga? Pakiwa na mwanga, bata kafa. Ujanja huo unategemea TV ya chogo, ambayo huchora picha papo hapo kwa mwali unaokimbia mstari kwa mstari. Runinga bapa huipokea picha, huichakata, ndipo huionyesha, na sehemu ndogo ya sekunde inayopotea hapo inatosha: kiboksi cheupe kinapotokea, bunduki imeshamaliza kutazama. Unaweza kuitengeneza upya Zapper kwa usahihi wa kila skrubu, rangi ile ile, mlio ule ule wa kifyatulio, na isimpate bata hata mmoja. Si ajabu kwamba toleo dogo la Nintendo halikuja na Duck Hunt.

Hapo ndipo naona hali ya mtu anayekarabati nyumba ya mawe ya Lamu. Ramani anayo, kuta zimesimama. Asichokuwa nacho ni boriti za urefu ule, chokaa iliyochomwa vile na fundi anayejua kuipaka. Nyumba ilikuwa sehemu ya mji mzima uliojua kuitunza. Zapper ilikuwa nusu ya kifaa. Nusu ya pili ilikuwa runinga ya sebuleni, nayo haimo kwenye mpango wa mtu yeyote kwa sababu hakuna anayeiuza.

Mwingereza mmoja, Andy Sinden, aliliendea tatizo kutoka upande mwingine. Bunduki yake, iliyochangiwa kwenye Kickstarter mwaka 2019, ina kamera ndogo kwenye mtutu. Programu huchora fremu nyeupe kuzunguka picha nzima. Kamera huitafuta fremu hiyo na, kwa jinsi pembe zake zinavyoonekana kuinama, hukokotoa bunduki inaelekezwa wapi. Haihitaji mwali wala chogo. Inachotaka ni kwamba mchezaji akubali kuona ukanda mweupe pembezoni mwa mchezo aliouota miaka yote, na awe na kompyuta ya kuiendesha. Wengine hawavumilii ukanda ule. Mimi nauona kama risiti ya haki: hapa ndipo ulimwengu ulipobadilika, na hii ndiyo bei yake.

Padi nazo zina swali gumu, la nini hasa kirudishwe. Kijiti cha padi ya Nintendo 64 kilisagika chenyewe kwa chenyewe, plastiki kwa plastiki, hadi ukungu mweupe ukajaa ndani na kijiti kikalegea. Mchezo wa Mario Party ulitaka kukizungusha kwa kasi, watoto wakatumia kiganja, viganja vikachubuka, na mwaka 2000, baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuingilia, Nintendo ikakubali kuwapa wachezaji glavu. Padi za leo za mtindo huo, za kampuni ya 8BitDo, hutumia vihisi vya sumaku visivyogusana. Hakuna aliyeomba uchungu urudi. Lakini wapo wanaolalamika kwamba kijiti kipya kinajibu tofauti, na wana haki, maana michezo ilipimwa kwa kile kibovu.

Turudi Uingereza. Wale wakurugenzi wawili walioondoka Retro Computers hawakuacha kazi hiyo. Waliingia katika kampuni nyingine, Retro Games, iliyotaka kuirudisha Commodore 64, mpinzani mkubwa wa Spectrum. Nayo ilianza na harambee mwaka 2016 na ahadi pana, zikiwamo za kifaa cha mkononi. Kilichotoka Machi 2018 kilikuwa kidogo kuliko ahadi: THEC64 Mini, emuleta kwenye chipu ya kawaida, na kibodi ya pambo, vitufe vilivyochorwa kwenye plastiki visivyobonyezeka. Watu waliicheka, wakainunua. Joistiki yake ililalamikiwa sana. Desemba 2019, kukiwa sasa na mapato na kiwanda wanachokifahamu, wakatoa ya ukubwa kamili yenye kibodi ya kweli na joistiki bora. Mbinu hiyo haina ushujaa, lakini kila bidhaa ililipia ugumu wa inayofuata, na kibodi haikujengwa mpaka palipokuwa na fedha ya kuikosea.

Next waliitisha harambee ya pili Agosti 2020, wakapata zaidi ya pauni milioni 1.8. Kalibu za kibodi zilikuwepo safari hii, zimeshalipiwa na kusahihishwa. Kisha dunia ikaishiwa chipu. Uhaba ule uliosimamisha hadi viwanda vya magari haukuwaonea huruma watu waliohitaji FPGA elfu chache, na wachangiaji wakangoja tena kupita tarehe ya ahadi.

Mwezi Novemba 2024 Retro Games, kundi la tatu, wakamaliza safari iliyoanzia kwenye Vega. Walitoa mashine inayoitwa tu The Spectrum, ya ukubwa wa ile ya 1982, vitufe vya mpira, michezo 48 ndani, karibu pauni 90, na ikapatikana madukani siku iliyotangazwa. Ndani ni emuleta. Nyuma, pale ambapo ya awali ilikuwa na ukingo wa bodi uliochomoza ili vifaa vichomekwe, pana soketi za USB na ya HDMI. Ukingo ule waliukata kwenye mpango tangu mwanzo, kwani ungewalazimisha kuridhisha kila kifaa kilichotengenezwa na kila karakana ya Uingereza ya miaka ya themanini. Mwenye printa ya ZX, ile iliyounguza karatasi ya rangi ya fedha kwa cheche, hana pa kuichomeka. Next inao ukingo huo, kwa bei ya karibu mara tatu, ukiipata.